Uvimbe moyoni mwa mtoto: tupime kabla ya kupasua

Wapo wananchi wengi, na miongoni mwao wasomi, ambao wakisikia kwamba mtoto ana uvimbe ndani ya moyo huhitimisha papo hapo mambo mawili: kwamba hiyo ni saratani, na kwamba lililobaki ni kisu au kaburi. Fikra hizo zote mbili si sahihi, na madhara yake ni makubwa. Mzazi mmoja hukata tamaa akamrudisha mtoto nyumbani. Mwingine huuza shamba na ng'ombe kutafuta upasuaji ambao pengine mtoto wake hauhitaji.

Ukweli ni huu. Uvimbe unaoanzia moyoni ni nadra sana kwa watoto, na ukitokea, takriban mara tisa katika kumi si saratani. Ulio wa kawaida zaidi huitwa rabdomioma. Huota katika msuli wa moyo tangu mtoto akiwa tumboni, na aghalabu ni dalili ya ugonjwa wa vinasaba unaogusa pia ubongo, figo na ngozi, na kuleta kifafa. La kustaajabisha ni kwamba mara nyingi uvimbe huo hunywea wenyewe katika miaka ya mwanzo ya maisha. Kinyume chake ni fibroma: haunywei, na unaweza kuvuruga mapigo ya moyo hata kuleta kifo cha ghafla. Upo pia miksoma, unaowapata zaidi watu wazima, lakini hata watoto hauwaachi. Kipande chake kikimeguka, damu hukichukua hadi kwenye ubongo kikaleta kiharusi. Huo hausubiriwi.

Je, daktari atautofautishaje mmoja na mwingine bila kufungua kifua? Zamani uvimbe wa moyo aghalabu uligunduliwa mgonjwa akiwa amekwisha kufa. Mwaka 1953, katika mji wa Lund nchini Sweden, daktari Inge Edler na mwanafizikia Hellmuth Hertz waliazima katika kiwanda cha meli cha Malmö chombo cha kutafutia kasoro ndani ya chuma, wakakielekeza kwenye moyo wa binadamu. Mwaka uliofuata, huko Stockholm, Clarence Crafoord alitoa miksoma moyoni mwa mgonjwa akisaidiwa na mashine ifanyayo kazi ya moyo na mapafu, na mgonjwa akapona. Tangu hapo fani ya kuona na fani ya kupasua zimekua pamoja. Leo altrasaundi huonyesha uvimbe uko wapi, una ukubwa gani, na kama unaziba njia ya damu. Haitumii mionzi, na kwa hiyo mtoto anaweza kupimwa tena na tena.

Upasuaji ukifanywa pale unapostahili, yaani damu imezuiwa, vali imebanwa au mapigo yamevurugika, watoto wengi hupona na kukua. Matokeo mabaya huwapata hasa wenye saratani na wachanga wanaofika wakiwa wamedhoofu. Ni dhahiri basi kwamba hatima ya mtoto huamuliwa kwa sehemu kubwa kabla hajaingia chumba cha upasuaji.

Hapa nchini, upasuaji wa kufungua moyo ulianza Muhimbili mwaka 2008, na Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ilianzishwa mwaka 2015. Hayo ni mafanikio ya kujivunia. Lakini chumba cha upasuaji hakimfuati mtoto kijijini. Na mashine ya altrasaundi katika hospitali ya wilaya, bila mtu aliyefunzwa kuuangalia moyo, ni kabati tu.

Hapana budi basi kila mmoja atimize wajibu wake. Ndugu watumishi mnaopanga bajeti, mkihesabu mashine, hesabuni pia watu wa kuzitumia. Ndugu walimu, mtoto anayezirai uwanjani, au anayehema wakati wenzake wanacheza, asiitwe mvivu wala asidhaniwe ana pepo. Mzazi wake aitwe, na mtoto apelekwe hospitali. Huenda asiwe na uvimbe wowote, lakini moyo wake utakuwa umepimwa. Naye mzazi, kabla ya kuuza shamba, aulize: uvimbe huu ni wa aina gani, unazuia nini, na je, unaweza kungojewa? Mtoto aliyeepushwa na kisu asichokihitaji ni ushindi wa tiba sawasawa na yule aliyeokolewa nacho.