Sukari, sehemu ya 6: Paka naye

Jamani, mmeniuliza sana inboksi kuhusu paka mwenye kisukari. Mimi nesi wa watu, dozi mtapewa na daktari wa mifugo. Ila usichome insulini kwa mazoea, pima kwanza, tone la damu pembeni ya sikio. Pimia nyumbani, maana paka akiogopa kliniki sukari inapanda yenyewe. Iko chini, au kagoma kula? Usichome, piga simu kwa daktari. Sukari ikishuka sana inaweza kumuua leo leo.

Na bomba la sindano! Insulini nyingi za wanyama ni yuniti 40 kwa mililita, bomba la famasi ni la 100. Ukivuta mpaka mstari wa 10, umempa 4 tu.

Akianza kuyumba, mpake asali kwenye fizi, mkimbize.