SKULI YA NYUMBANI SI YA MATAJIRI (Sehemu ya 3)

Leo mtanisamehe, nina hasira kidogo.

Juzi mama mmoja kanambia, "Nesi wewe, kumsomesha mtoto nyumbani mambo ya wazungu, sie hatuna pesa." Haya. Nikamuuliza, twisheni unalipa ngapi? Watoto watatu, elfu 15 kila mmoja. Elfu 45 kwa mwezi! Kumbe pesa anayo, ila anampa mtu mwengine.

Sisemi mumtoe mtoto skuli. Mzee Karume alitangaza elimu bure tarehe 23 Septemba 1964, skuli ni haki yake. Na wa kidato cha nne anaejiandaa na mtihani, mwacheni aende twisheni. Nasema huyu wa darasa la pili: asubuhi skuli, mchana chuoni, usiku twisheni. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala masaa 9 hadi 12. Wako analala mangapi?

Na mimi si malaika. Mwaka mzima nimelipa. Siku moja nimetoka zamu ya usiku, nikampa binti yangu kopo la maziwa anisomee. Hakuweza hata neno moja! Nikaenda kuchungulia huko twisheni: watoto arubaini ukumbini, mwalimu mmoja. Nililia. Nikaacha kulipa, nikakaa nae mwenyewe dakika 20 kila siku.

Vifaa vyangu hivi hapa:

👉 Chaki na sakafu. Anaandika, tunafuta, anaandika tena.

👉 Mchele. Vibaba vinne ni pishi moja. Pishi tatu je? Keshajifunza kuzidisha na chakula kiko jikoni.

👉 Kokwa za ubuyu za kujumlisha na kutoa.

👉 Daladala. 502 inakwenda Bububu, 505 Uwanja wa Ndege. Asome yeye, mimi nanyamaza.

👉 Maktaba ya Maisara, siku ninayopumzika.

👉 Ubongo Kids kwenye TV. Imetengenezwa Dar es Salaam, na hesabu wanafundisha kwa Kiswahili.

Utasema, "Mimi sikusoma." Basi mwambie akusomee yeye! Akikwama, atafute na kaka yake. Wewe mpe hadithi za bibi yako, maana mtoto asiesikia maneno mengi, kusoma kutamuwia vigumu.

Utasema, "Nauza mihogo, sina muda." Mkae nae hapo hapo kwenye meza, akuhesabie chenji.

Na nyie akina baba wa barazani, kahawa mnapata muda wa kunywa kila jioni. Mchukueni mtoto na daftari lake.

Hiyo elfu 45 nunueni mayai na maziwa. Mtoto mwenye njaa na usingizi hasomi, hata umlipie mwalimu wa dhahabu.

Sehemu ya 4 inshaallah: mtoto anaekataa kabisa kushika kalamu.