Kupiga Windows si dawa

Jijini Dar es Salaam, imani iliyoenea kuliko zote kuhusu kompyuta ya nyumbani ni hii: mashine ikiwa nzito ina virusi, na mashine yenye virusi dawa yake ni kupigwa Windows upya. Ndiyo inayowavusha watu Mtaa wa Lumumba kutoka upande wa bustani za Mnazi Mmoja, begi la laptopu begani, kuingia Kariakoo kumtafuta fundi mwenye flashi. Jioni hurudi na mashine nyepesi na moyo mweupe. Baada ya miezi michache safari inarudiwa, na ni nadra mtu kujiuliza kwa nini dawa hiyo haiponyi. Haiponyi kwa sababu mara nyingi ugonjwa haukuwa huo. Na kwa jinsi inavyotolewa, dawa yenyewe ndiyo inayovifungulia virusi mlango.

Uzito kwanza. Kompyuta nyingi zinazouzwa mjini zimekwisha kutumika: HP EliteBook, Dell Latitude na Lenovo ThinkPad zilizostaafishwa na maofisi ya Ulaya, nyingine zikipitia Dubai. Zile za zamani bado zina diski ya kuzunguka, yaani sahani inayozungushwa mara 5,400 kwa dakika huku kisomeo kikihama huku na huko kutafuta faili. Diski ya namna hiyo hujibu maombi yaliyotawanyika yapatayo mia moja tu kwa sekunde. SSD ya kawaida, isiyo na sahani ya kuzungusha, hujibu makumi ya maelfu. Windows 10 na 11 haziipi diski nafasi ya kupumzika: zinapakua masasisho, zinaorodhesha faili, zinakagua usalama. Ushahidi haumhitaji fundi. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, utazame safu ya diski. Ikiwa imeganda kwenye asilimia 100 wakati prosesa inazubaa, mshukiwa wa kwanza ni diski, si virusi.

RAM ya GB 4 nayo hujaa mara tu Chrome inapofunguliwa kurasa kumi, na kinachozidi hupelekwa kwenye diski hiyo hiyo iliyoelemewa. Halafu kuna vumbi. Feni ikiziba, prosesa hupunguza kasi yake yenyewe ili isiungue, na kwa joto la Dar es Salaam hilo halichukui muda mrefu. Umeme pia hulaumiwa mara chache mno. Laptopu iliyotumika ambayo betri yake imekufa haina tofauti na kompyuta ya mezani isiyo na UPS: umeme ukikatika katikati ya kuandika, faili za mfumo huharibika, na kesho yake mashine ikikataa kuwaka inasemwa imeingiwa na virusi.

Imani hii inadumu kwa sababu inaonekana kufanya kazi. Mashine iliyopigwa Windows huwa nyepesi kweli kwa wiki kadhaa: programu zote zilizokuwa zikijiwasha zenyewe zimefutwa, diski ina nafasi. Kisha programu zilezile zinarudishwa, diski ni ileile ya kuzunguka, na uzito unarejea. Kubadilisha diski kuwa SSD, kuongeza RAM na kusafisha feni ni kazi ambayo fundi huyohuyo huimaliza kwa muda mfupi, na vipuri vyake vinauzwa hapohapo Kariakoo. Havinunuliwi kwa sababu mteja amekwenda kuomba Windows, na fundi anauza anachoombwa. Lawama zote asitupiwe yeye. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini bila kibali, marufuku iliyodumu hadi miaka ya 1990. Kompyuta zilipoingia majumbani zilikuta watu wasio na mazoea nazo, na fundi akawa mwalimu, daktari na muuza dawa kwa pamoja.

Tatizo kubwa ni kilichomo ndani ya flashi. Mara nyingi ni nakala ya Windows iliyopakuliwa kusikojulikana, pengine toleo lililopunguzwa uzito na mtu asiyejulikana, likiwa limezimiwa masasisho na hata kinga. Juu yake huwekwa programu ya kuidanganya Windows kwamba imelipiwa. Maarufu zaidi ni zile zinazoiga seva ya leseni ambayo kampuni kubwa huitumia kwa kompyuta zake zote. Leseni ya namna hiyo huisha kila baada ya siku 180, kwa hiyo programu hizo kwa kawaida huacha kitu ndani ya mashine kinachojiamsha na kuihuisha, kikiwa na mamlaka ya juu kabisa ya mfumo. Na ili programu hizo ziingie, kinga ya Windows Defender huzimwa au huamriwa isitazame folda fulani. Ni sawa na kumkabidhi mgeni bunduki baada ya kumfumba mlinzi macho. Desemba 2021 kampuni ya usalama ya Red Canary ilieleza jinsi visakinishi vya KMSPico, mojawapo ya programu hizo, vilivyokuwa vikibeba Cryptbot, programu inayoiba nywila zilizohifadhiwa kwenye vivinjari. Familia ya STOP, ambayo hufunga picha na nyaraka kisha kudai fidia, imesambaa duniani hasa kupitia programu za wizi wa leseni za aina hii.

Kinachouma zaidi ni kwamba wizi huo mara nyingi hauna sababu. Kompyuta za ofisini zilizotengenezwa tangu enzi za Windows 8, yaani kuanzia 2012, kwa kawaida zina ufunguo wa leseni uliochomekwa kiwandani ndani ya ubao mama. EliteBook iliyotengenezwa na Windows 10 Pro, ikiwekewa Windows 10 Pro halisi na kuunganishwa na intaneti, kwa kawaida hujithibitisha yenyewe bila mtu kuandika namba yoyote. Mara nyingi hudai leseni kwa sababu flashi ya fundi imeiwekea toleo la Enterprise, ambalo ufunguo wa Pro haulifungui. Mwenye mashine ananyang'anywa leseni aliyokwisha kuinunua, anapewa ya wizi, na analipia huduma hiyo.

Kuhusu virusi vyenyewe, picha iliyomo vichwani ni ya zamani. Brain, kirusi cha kwanza kuenea kwenye kompyuta za IBM na zinazofanana nazo, kilitoka Lahore mwaka 1986 katika duka la kompyuta la ndugu wawili waliotaka kulinda programu yao isinakiliwe ovyo, na kilisafiri kwa disketi. Wengi wa Dar es Salaam wanakikumbuka zaidi kile cha flashi, kinachoficha folda zote na kuweka njia za mkato mahali pake, kikihama kutoka stesheneri hadi chuo hadi nyumbani. Virusi hivyo vilijionyesha. Vya leo vingi vinaishi kwa kutojulikana: kinachoiba nywila ya barua pepe na ya benki hakina faida yoyote ya kuigandisha mashine. Kompyuta nyepesi kabisa, iliyotoka kupigwa Windows jana, inaweza kuwa imeshaibiwa kila kitu, na mwenyewe anaisifia kasi.

Kununua antivirus ya pili hakusaidii sana. Tangu Windows 8, Defender imo ndani ya mfumo, haina malipo, na kwa mtumiaji wa nyumbani inatosha mradi haijazimwa. Antivirus mbili zinazokagua faili kwa wakati mmoja hugombania diski, na mashine inakuwa nzito zaidi kuliko ilivyokuwa kabla ya kulindwa.

Kinachokamilisha kinga hiyo ni masasisho, ambayo ndiyo hasa watu huyazima kwa kuhofia bando. Hofu hiyo ina msingi. Sasisho moja kubwa linaweza kumeza bando la wiki. Lakini Mei 12, 2017 programu ya fidia ya WannaCry ilipofunga kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150, kiraka cha tundu iliyolitumia kilikuwa kimeshatolewa na Microsoft tangu Machi 14, karibu miezi miwili kabla. Waliopatwa wengi walikuwa kwenye Windows 7 isiyosasishwa. Viraka vya usalama hutoka Jumanne ya pili ya kila mwezi. Mtandao wa simu ukiwekewa alama kwenye mipangilio kwamba unalipiwa kwa kipimo, Windows huacha kupakua sehemu kubwa ya mizigo yenyewe, na kazi hiyo inaweza kufanywa mara moja kwa mwezi kwenye waifai ya ofisini au kwa bando la usiku.

Nakala za akiba hutajwa kila mahali na hutunzwa na wachache. Picha za harusi, vyeti na vitambulisho vilivyoskaniwa hukaa kwenye diski moja mpaka siku fundi anapoifuta. Diski moja ya nje (eksteno) inatosha kuanzia, ila ichomolewe kazi ikiisha, maana programu za fidia hufunga na diski zote zilizochomekwa. Nyaraka chache za lazima zinaenea kwenye GB 15 ambazo Google huzitoa bure.

Kupiga Windows kuna mahali pake: faili za mfumo zikiwa zimeharibika kiasi cha kutorekebishika, virusi vikiwa vimethibitika, au mashine ikiwa inabadilisha mmiliki. Hapo kisakinishi kichukuliwe kwenye tovuti ya Microsoft yenyewe, liwekwe toleo lilelile lililokuja na mashine, masasisho yakamilishwe, kisha nywila zote zibadilishwe. Kwa Windows 10 kuna jambo moja zaidi. Masasisho yake ya bure kwa wote yalikoma Oktoba 14, 2025, na mpango wa nyongeza kwa watumiaji wa nyumbani waliojiandikisha ulitangazwa kufika Oktoba 13, 2026. Windows 11 kwa upande wa Intel inataka, isipokuwa kwa mashine chache, prosesa ya kizazi cha 8 au zaidi, kwa hiyo EliteBook 840 G3 yenye prosesa ya kizazi cha 6 haimo. Mafundi wanajua njia ya kuilazimisha ikubali, lakini Microsoft haiahidi kuisasisha mashine iliyolazimishwa. Kwa mtu anayetumia kivinjari, barua na video tu, Linux Mint ni ya bure, hupokea viraka vyake mara kwa mara, na kwenye mashine hiyohiyo yenye SSD na RAM ya GB 8 huenda vizuri.