JINI MAHABA AU UPUNGUFU WA DAMU?

Bismillahir Rahmanir Rahim.


Ndugu zangu, leo nazungumza na waume. Akina mama wasome pia, lakini mzigo wa maneno haya ni wenu nyinyi akina baba.

Mke ni mjamzito. Viganja vimepauka, akipanda kilima kidogo moyo unamdunda, kichwa kinamzunguka, na udongo anautafuna kama karanga. Mume anakuja kuomba kombe: "Sheikh, huyu ana jini mahaba." Kisomo sikikatai, Qur'ani ni shifaa. Lakini kabla ya kumsaka jini usiyemuona, mpeleke zahanati akatobolewe kidole, apimwe wingi wa damu. Ikiwa chini ya gramu 11 kwa desilita, ana upungufu wa damu. Utafiti wa taifa wa mwaka 2015-16 uliwakuta nao zaidi ya nusu ya wajawazito wa Tanzania. Je, wote hao wana jini mahaba? Hata huo udongo anaoutamani mara nyingi ni dalili ya mwili kukosa madini ya chuma, na ukiwa mchafu unamwongezea minyoo.

Sasa damu inakwenda wapi? Malaria inaivunja. Vijidudu vyake hujificha kwenye kondo la nyuma, mama asipate hata homa, na mtoto akazaliwa na uzito mdogo au kabla ya siku zake. Kuna safura nayo. Mabuu yake hukaa kwenye udongo wenye unyevu uliochafuliwa na kinyesi, hupenya ngozi ya mguu usio na kiatu, na safari yao huishia utumboni, wanakong'ata na kunyonya damu. Mkeo analima kahawa pekupeku, wewe una viatu vya Ijumaa na vya kazini!

Na wenzetu wa mwambao, Mbamba Bay, Liuli na Lituhi, wanakijua kichocho. Mtu anakojoa ziwani, mayai yanaingia majini, yanapita kwa konokono, kisha mabuu yanamwingia mama aliyesimama maji ya magoti akifua. Mtume (s.a.w.) amekataza kukidhi haja kwenye maji wanayoyatumia watu, njiani, na kwenye kivuli wanapopumzika. Watoto wetu wanayakariri haya madrasa, kisha wanamuona baba akifanya palepale wanapochota. Mimi naona huku ni kuwadhulumu wake zetu, na choo cha shimo hakimshindi mwenye mikono miwili.

Dawa zipo. Kliniki mama anapewa SP ya kuzuia malaria kuanzia miezi mitatu ya kwanza ikishapita, kila hudhurio, kwa kupishana mwezi mmoja au zaidi, isipungue mara tatu. Anapewa chandarua, dawa ya minyoo baada ya miezi hiyo mitatu, na vidonge vya kuongeza damu vya kila siku. Kichocho nacho kina dawa yake, mhudumu ataeleza. Lakini nyinyi mnaificha mimba hadi mwezi wa sita kwa kuogopa hasadi. Hasadi ina nyiradi za asubuhi na jioni. Kumficha mkeo asionwe na nesi hakumo katika nyiradi hizo.

Kuhusu Ramadhani: mjamzito anayechelea nafsi yake au mtoto ana ruhusa ya kula. Kwa madhehebu yetu ya Kishafi, akichelea nafsi yake analipa siku tu. Akichelea mtoto peke yake, analipa na kutoa fidia. Mume anayemwambia mwenye damu ndogo "wenzako wanafunga" anamnyima ruhusa aliyopewa na Mola wake.

Na kitoweo. Usipa, maharage na matembele, sehemu yake iwe kubwa kuliko yako. Chai ya rangi aiache mbali na chakula na vidonge, maana inazuia chuma kuingia mwilini.

Nimalizie na swali ninaloletewa sana: vidonge vya damu vinafanya choo kuwa cheusi, je, ni sumu? Hapana. Ni chuma kilichobaki kinatoka. Vikimchafua tumbo, ameze baada ya chakula au kabla ya kulala, na akitapika arudi kwa nesi, asivitupe jalalani.

Wallaahu a'lam.