Manda si hukumu: mwenye kukimbia anaongeza kesi yake mwenyewe

Tarehe 22 Februari 2025 Serikali ilisimamisha kutosha kobalti kwenda inje ya inchi. Tangu tarehe 16 Oktoba ya mwaka ule njia imefunguliwa tena, lakini kwa kipimo: kila kompanyi iko na tani zake tu. Ku Kinshasa na ku masoko ya Ulaya na China wanazungumuza bei. Ku Kolwezi, Fungurume, Kambove na Likasi watu wanahesabu kwa namna ingine: makuta ikipunguka ku depo, madeni hayapunguke.

Kila muchimbaji anajua namna kazi inaanza. Mwenye depo anatoa makuta ya chakula, ya kamba, ya pampu ya maji, mbele shimo haijatoa hata gunia moja. Wanapatana kwa mudomo: mawe yote itauzishwa kwake. Shimo ikikosa, ama bei ikianguka, ama kikundi kikiuzisha ku depo ingine, mwenye makuta anaenda kushitaki. Kisha siku kidogo kijana anasikia ku kartie: "Banakutafuta, uko na manda." Usiku ule ule anakamata baramini yake na anahamia site ingine. Bibi na watoto wanabaki nyuma.

Watu wanakimbia kwa sababu wanaogopa kasho kuliko wanavyoogopa tribinali, na ule woga si wa bure. Lakini manda si hukumu. Ni karatasi ya kukuita ujibu. Na kati ya njia zote za kuijibu, kukimbia njo kunalipisha bei kali.

Karatasi gani hasa?

Neno "manda" ku kartie linasemwa juu ya karatasi yoyote yenye stampu. Ku sheria, karatasi hazilingane.

Polisi ikikutumia "convocation" ama "invitation", ile ni muito tu. Hawakufunge kwa karatasi ile, na haina bei: hakuna sheria inayosema umulipe polisi transport juu ya kukuletea muito. "Mandat de comparution" inatoka ku parke, na majistra anakuomba ufike siku fulani, saa fulani. "Mandat d'amener" ni nguvu zaidi: majistra anaamuru polisi wakulete. Anaweza kuiandika kama ulikataa kufika, ama kama kuna alama kubwa za kosa. Wakikuleta, majistra anapashwa kukuuliza mapema, na isipite kesho yake. Ya mwisho ni "mandat d'arrêt provisoire". Ile njo inakufungia mu gereza, lakini inaishi siku 5 tu. Mbele ya siku 5 kuisha, parke inapashwa kukupeleka kwa juji wa tribinali ya pe, ambaye anasema kama unabaki ama unatoka. Akiamua ubaki, ni siku 15 kwanza, kisha anaweza kuongeza mwezi moja moja, kila mara kwa uamuzi mupya.

Kwa hiyo swali la kwanza si "nikimbilie wapi?" Ni hili: karatasi ile ni gani, nani alitia sini, ya tarehe gani, na juu ya kosa gani? Tusifiche pia hili: OPJ wa polisi anaweza kukukamata bila manda, kama alikukuta mu kosa lenyewe, ama kama kosa linaweza kuleta gereza ya miezi 6 ao zaidi na kuna alama za kweli. Lakini hata yeye anafungwa na saa: Katiba, kipengele cha 18, inasema polisi haiwezi kukulinda kupita saa 48. Kisha pale ni kukuachilia ao kukutia mu mikono ya parke.

Deni na kosa haviko kitu kimoja

Hapa njo kuna mizizi ya manda nyingi za migodi. Kushindwa kulipa deni si kosa la gereza. Inchi yetu iliingia mu mapatano ya mataifa juu ya haki za raia tangu 1976, na mapatano yale yanakataza kufunga mutu kwa sababu tu alishindwa kutimiza kontra. Deni inaamuliwa na juji wa mambo ya civil.

Lakini mwenye makuta akiandika kama ulipewa kitu ukalinde ama ukitumie kwa kazi fulani, na ukakila ao ukakiuzisha, kesi inageuka "abus de confiance". Ile iko mu kitabu cha makosa, kipengele cha 95, na inaweza kuleta miezi 3 mpaka miaka 5 ya gereza. Kati ya deni na abus de confiance kuna mustari mwembamba, na mustari ule unachorwa na maneno yanayoandikwa mu PV. Shimo ilianguka maji? Mawe yalikuwa mabaya ku mashini ya kupima? Kilo ngapi zilitolewa, ziliuzishwa kwa nani? Kijana aliyekimbia hakusema hata moja ya mambo haya. PV ikabaki na maneno ya mwenye depo peke yake.

Bibi hafungwe juu ya bwana

Mara nyingi polisi ikikosa bwana inabeba bibi, mudogo, ao hata baba muzee, "mpaka ule mwenyewe afike." Wamama, mushike hili vizuri: Katiba, kipengele cha 17, inasema kila mutu anajibu juu ya matendo yake mwenyewe. Hakuna mutu anayeweza kufuatwa, kukamatwa ao kufungwa juu ya kosa la mwingine. Mwenye kufunga mutu bila haki naye anaweza kushitakiwa: kitabu cha makosa, kipengele cha 67, kinamupatia mwaka 1 mpaka 5. Wakija, uliza karatasi. Soma jina. Kama jina si lako, sema kwa heshima na mbele ya majirani: "Jina hili si langu." Andika jina la kituo, tarehe na saa. Usipigane nao. Tuma mutoto kwa chef wa avenue na kwa avoka.

Kukimbia kunaleta nini?

Wengine wanafikiri manda inaoza yenyewe. Ni kweli kama kesi inazeeka: kosa lisilopita mwaka 1 wa gereza linazeeka kisha mwaka 1, lisilopita miaka 5 kisha miaka 3, na makubwa zaidi kisha miaka 10. Lakini kila tendo jipya la parke mu dosie linaweza kuanzisha hesabu upya. Mwenye kujificha haone dosie. Hajue hesabu iko wapi.

Tena, dosie ikifika ku tribinali, unaweza kuhukumiwa bila kuwa pale. Hapo uko na siku 10 za kupinga hukumu, yaani "opposition", kuanzia siku uliyojulishwa. 

Na mbele ya juji, kukimbia kunasema vibaya juu yako. Sheria inaona kufungia mutu mbele ya hukumu kama jambo la pekee, na moja ya mambo yanayoangaliwa ni kama utatoroka. Mutu aliyekuja kwa miguu yake, mwenye adresi, mwenye karte ya muchimbaji na kooperative inayomujua, yuko na neno la kusema ili aachiliwe. Aliyeletwa na kamba kutoka site ya tatu hana.

Namna ya kutoka

Mbele ya yote, tafuta avoka kabla ya kujitokeza. Usipokuwa na makuta, kila baro iko na biro ya kushauri bure. Omba karatasi ya kuonyesha hali yako ya ukosefu. Avoka anaenda ku parke kuuliza dosie iko kwa majistra gani, na anapanga siku mutaenda pamoja. Afazali kufika mwanzo wa juma asubui kuliko siku ya tano mangaribi, maana ofisi zikifungwa unalala mu kasho.

Ambia avoka yote. Kama ulikuwa unachimba mu konsesio ya kompanyi, inje ya eneo la wachimbaji wadogo, ile ni kesi ingine; ajue mbele, asishangae mbele ya majistra.

Mukiulizwa, uko na haki ya kuelezwa kosa lako mu luga unayoisikia. Usitie sini ku PV ya Kifaransa ambayo hawajakusomea kwa Kiswahili. Kama maneno si yako, omba wasahihishe kwanza.

Juu ya makuta: unaweza kupatana na mwenye kukushitaki, na ni vizuri, lakini kwa maandishi na mbele ya washahidi. Mapatano yale yenyewe hayaui kesi ya abus de confiance. Omba parke ifunge dosie na manda iondolewe, na ubaki na kopi. Amande ya parke inaingia mu kase ya Serikali, kosyo inalipwa ku ofisi inayopokea, na zote mbili ziko na risiti. Makuta bila risiti haikutoe mu dosie. Mwezi ujao polisi mwingine atafika na karatasi ile ile.

Kazi ya wengine

Hatutaki kubebesha muchimbaji muzigo wote. Kooperative zingeweza kuandika mapatano ya mwenye depo na kikundi: makuta ngapi, na nani anapoteza shimo ikikosa. Ukurasa moja tu ungezuia dosie nyingi. Na parke zingeangalia muzuri mbele ya kutia sini ku manda, kama mwenye depo analeta kosa la kweli ao anatafuta polisi wa kumukusanyia deni. Mpaka pale, deni la magunia mbili litaendelea kutosha baba ku nyumba kwa miaka.