Beseni la ikweta ni uongo

Haya wasomaji, leo tarakilishi tunaziweka kando. Nina ugomvi na beseni.

Mnalijua lile beseni lenye tundu. Pale Nanyuki, penye kibao cha ikweta, kijana hutia maji, huweka kijiti juu yake, na hatua chache kaskazini kijiti kinazunguka upande huu. Hatua chache kusini kinazunguka upande ule. Watalii wanapiga makofi na kutoa pesa. Watalii shauri yao. Mimi nawasikitikia watoto wa shule wanaoambiwa waandike daftarini kwamba hiyo ndiyo ithibati kuwa dunia inazunguka.

Tupige hesabu basi. Kani ya Coriolis ipo, na Mfaransa Coriolis aliieleza mwaka 1835. Ndiyo inayofanya tufani za kaskazini na za kusini zizunguke kinyume. Lakini kwenye ikweta ni sifuri, na hukua polepole ukienda mbali. Mita 20 kutoka mstarini, kwa maji yanayokwenda sentimita 10 kwa sekunde, kani hiyo ni ndogo kuliko uvutano wa dunia zaidi ya mara bilioni 200! Kinachozungusha maji ni mkono wa anayeyamimina.

Mwaka 1851 Foucault alining'iniza tufe kwenye waya wa mita 67 mjini Paris, akaliacha libembee. Mstari wa kubembea kwake uligeuka kidogo kidogo, kwa kuwa dunia inageuka chini yake. Paris mzunguko kamili huchukua kama saa 32. Hapa kwetu Asumbi, chini ya digrii moja kusini mwa ikweta, ungechukua karibu miezi mitatu. Mita 20 kutoka mstarini ungechukua zaidi ya miaka 800. Yule kijana anakuonyesha kwa nusu dakika!

Mtasema, kijana anatafuta riziki, mwache. Riziki sina neno nayo. Neno langu ni kwamba uongo huu unaficha hadithi tamu kuliko beseni. Karne ya 2, Ptolemy wa Alexandria alibisha: dunia ikizunguka, mawingu na ndege si wataachwa nyuma? Hoja nzito hiyo. Sisi hapa Asumbi tunakimbia kuelekea mashariki karibu kilomita 1,670 kila saa, na kuku wetu hawaachwi. Kwa nini? Copernicus alisema mwaka 1543 kwamba dunia inazunguka, lakini wengi hawakushawishika. Mwaka 1632 Galileo akajibu kwa mfano wa meli: ikienda bila kuyumba, vilivyomo vyote vinashiriki mwendo wake. Jaribu mwenyewe. Panda matatu ya Kisii hadi Homa Bay, ikienda sawasawa dondosha shilingi. Itaanguka miguuni pako, haitaruka kiti cha nyuma. Newton akaja kuziweka kanuni za mwendo kitabuni mwaka 1687.

Na kama ni faida ya ikweta mnataka kuwaonyesha watoto, waambieni habari za San Marco, jukwaa la Waitaliano baharini karibu na Malindi. Roketi ikirushwa mashariki kutoka huko, dunia yenyewe inaisukuma bure. Tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa setilaiti iliyopewa jina Uhuru kwa heshima ya siku yetu, ya kwanza duniani kuundwa mahsusi kwa kuchunguza eksirei za angani. Hilo ni la kuandika daftarini.

Mwalimu, ukienda Nanyuki omba beseni. Wanafunzi wamimine wenyewe, maji yatulie kabisa, wazibue tundu taratibu. Mara kumi kaskazini, mara kumi kusini, kila tokeo liandikwe. Mwaka 1962 Shapiro wa MIT, Marekani, alipotaka kuiona Coriolis kwenye beseni, aliyaacha maji yatulie saa 24, tena akiwa digrii 42 kutoka ikweta. Asiyeweza kusubiri hata dakika kumi asiwafundishe watoto wetu mwendo wa dunia.