Ujumbe Wako kwa Jamii ni Upi?

Mtangazaji alivuta subira hadi dakika ya mwisho, kama wafanyavyo wote. Kwa nusu saa tulikuwa tumecheka studio nzima. Nilikuwa nimesimulia jinsi nilivyoingizwa kwenye kundi la WhatsApp la harusi ya mtu nisiyemjua, nikapangiwa mchango, na siku tatu baadaye nikateuliwa kamati ya vinywaji. Fundi mitambo nyuma ya kioo alikuwa amelaza paji la uso mezani, mabega yanatikisika. Kisha mtangazaji akakohoa kidogo, akashusha sauti kama anayesoma matangazo ya vifo, akasema: "Sasa kaka, tunapomalizia, una ujumbe gani kwa jamii?"

Sikuwa na ujumbe. Nilikuwa na kisa cha harusi. Lakini mtu haendi redioni akasema hana ujumbe. Ni sawa na kwenda ukweni mikono mitupu. Nikajibu, "Vijana wajitume." Mimi huyo, niliyeamka saa nne asubuhi siku hiyo, tena kwa kupigiwa simu mara sita na mtangazaji huyohuyo.

Nimekuwa nikiulizwa swali hilo tangu nianze kupanda jukwaani, na kila mara nimelijibu kwa uongo. Leo nalikataa. Imani iliyo nyuma yake mnaijua: kwamba kichekesho kisicho na funzo ni upuuzi, kwamba kicheko peke yake ni wali mkavu na lazima umwagiwe mchuzi wa maadili ndipo uliwe. Nasema imani hiyo si kweli. Tena ina madhara: inavidumaza vichekesho vyetu na inawakinga watu wanaostahili kuchekwa.

Tumeipata wapi? Kwanza, darasani. Kila aliyefika kidato cha nne ameimba wimbo huo: fani na maudhui, dhamira, migogoro, ujumbe, falsafa, msimamo wa mwandishi. Tulifundishwa kuipara kazi ya sanaa kama samaki, magamba huku, minofu kule, na minofu ni funzo. Mazoea hayo hayatoki. Nina rafiki ambaye akisikia kichekesho kizuri hucheka kwanza, halafu ananyamaza, na unamwona kabisa usoni anaandika: "Msanii amefanikiwa kwa kiasi kikubwa kujadili dhamira zifuatazo."

Kabla ya darasa ilikuwepo siasa. Baada ya Azimio la Arusha, mwaka 1967, wasanii waliitwa kulipeleka kwa wananchi. Mathias Mnyampala akaipa ngonjera sura tuliyoizoea, na shule nzima nzima zikapanga watoto mistari miwili: upande huu asiyejua, upande ule anayejua. Wanabishana beti kadhaa, na mwisho asiyejua anakubali. Hata siku moja hakutokea asiyejua akashinda. Sina ugomvi na ngonjera. Nchi ilikuwa changa na ilikuwa na mambo ya kuambizana. Ugomvi wangu ni kwamba tulisahau kuiacha. Angalia klipu zetu za leo kwenye simu: yule mjinga, yule mwerevu, dakika tatu za vituko, kisha muziki wa huzuni na maandishi: "Tujifunze kuridhika." Ni ngonjera iliyovaa kaptula.

Wapo watakaonikumbusha Twende na Wakati, na ni haki yao. Mchezo ule ulianza Redio Tanzania mwaka 1993, ukazungumzia uzazi wa mpango na UKIMWI, na watafiti waliofuatilia wasikilizaji walikuta umebadilisha mienendo ya watu. Nakubali kabisa. Lakini ule ulikuwa mchezo wa kuelimisha tangu siku unaandikwa. Ulijulikana hivyo na ulifanya kazi yake vizuri. Jembe likilima vizuri halithibitishi kwamba kijiko nacho lazima kilime. Na hata humo, mtu aliyetuganda kichwani ni Mkwaju, dereva wa lori na mtu wa wanawake. Wale waliotoa nasaha walikuwa watu wema sana, ila nimewasahau majina.

Hapo ndipo mtu hunitolea silaha ya mwisho: "Lakini msanii ni kioo cha jamii." Sawa. Nenda kakitazame kioo chako. Je, kimewahi kukuambia uchane nywele? Kioo kinakuonyesha nywele zilivyo, basi, kinanyamaza. Uamuzi ni wako na chanuo lako. Kioo kinachotoa ushauri si kioo tena, ni shangazi.

Na kuonyesha tu kuna kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani. Chukua daladala. Kila siku konda anaita, "Songea nyuma, nyuma kweupe," na nyuma hakuna kweupe. Kuna mama ana ndoo ya samaki, kuna mwanafunzi amekaa nusu kiti, kuna mimi. Sote tunajua hakuna nafasi. Konda anajua. Na bado tunasogea! Nikilisema hili jukwaani watu hupiga makofi hadi kiti kinaanguka, na sijawafundisha chochote. Nimewaambia wanachokijua tayari, ambacho kila mmoja alidhani amekiona peke yake. Kicheko ni sauti ya watu mia tatu wakigundua kwa pamoja kwamba hawakuwa peke yao mle ndani ya daladala. Sasa nimalizie kwa kusema "Tuheshimu sheria za usalama barabarani"? Watainamisha vichwa kama waliofumaniwa, na ule ukumbi uliokuwa mmoja utarudi kuwa watu mia tatu, kila mtu na dhambi zake.

Muulize yeyote anamkumbuka vipi mchekeshaji Mzee Majuto, Amri Athumani wa Tanga, aliyetutoka Agosti 2018. Atakutolea macho kama yeye, ataigiza sauti ile, atakuonyesha mzee mjanja anavyonaswa na mtego wake mwenyewe. Filamu zake nyingi zilifungwa na funzo, kama desturi. Mwambie akutajie mafunzo matatu. Atakutolea macho tena, safari hii bila kuigiza.

Nilisema imani hii ina madhara. La kwanza ni kwamba funzo limegeuka sabuni. Klipu inakwenda dakika nne mwanamume akimzaba makofi mkewe, tunatakiwa tucheke, halafu sekunde tano za mwisho: "Tupinge ukatili wa kijinsia." Kijana anamwigiza Mmasai mlinzi kama mtu asiyejua hata kufungua geti, anamwigiza Msukuma lafudhi yake kana kwamba lafudhi ni ugonjwa, anamwigiza dada wa kazi kama mwizi wa sukari, kisha mwishoni, "Tuwaheshimu watu wote." Msanii amenawa, mtazamaji amenawa, na yule dada wa kazi aliyekuwa akiangalia kutoka mlango wa jikoni amebaki na uchafu wote. Kama kichekesho kimeoza, ujumbe haukiponyi. Kama ni kizima, hakiuhitaji.

La pili ni zito zaidi. Tazama hilo neno "jamii." Ujumbe siku zote unakwenda kwa jamii, na jamii siku zote inakaa chini. Bodaboda wavae kofia ngumu. Wasichana wajitunze. Vijana wajitume (hilo nimelichangia mwenyewe, naomba radhi). Sijawahi kusikia mchekeshaji akiulizwa, "Una ujumbe gani kwa mkuu wa idara?" Ujumbe ni maji, unafuata mteremko. Kicheko ndicho chenye tabia ya kupanda, kama moshi, na ndiyo maana wenye ghorofa hukohoa kwanza.

Wakenya wanalijua hili. Daniel arap Moi alitawala kuanzia 1978 hadi 2002, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo raia alitazama kushoto na kulia kabla ya kulitaja jina lake. Kuelekea mwisho wa utawala wake wakatokea vijana watatu wa kundi la vichekesho la Redykyulass, na mmoja wao, Walter Mongare, akavaa sauti ya rais, mwendo wa rais na kirungu cha rais, kwenye runinga, watu wakiwa wanakula ugali. Ujumbe wao ulikuwa upi? Haukuwepo. Alitembea tu kama Moi. Lakini ukishamwona mtu akitembea kama anayekutisha, na watoto sebuleni wakamwiga, hofu haikai tena mahali pake pa zamani.

Nasi tunao ushahidi wetu. Mei 2020 mchekeshaji Idris Sultan alijirekodi akiitazama picha ya zamani ya Rais Magufuli, enzi za suti pana. Alichofanya kwenye video ile ni kucheka. Hakutoa hoja, hakutoa nasaha. Alikamatwa, na mashtaka aliyofikishwa nayo mahakamani yalihusu laini ya simu. Wanaodai kwamba kicheko kisicho na ujumbe ni kitu kitupu wanieleze: kitu kitupu kilimwudhi nani?

Najua pingamizi linalokuja. "Kwa hiyo mchekeshaji aropoke tu, asiwajibike?" Hapana. Anawajibika kwa kitu kigumu kuliko funzo: usahihi. Mafunzo ni rahisi, yako kumi na yote tunayajua. Lakini nikikosea jinsi mama mkwe anavyokaribisha wageni asiowataka, jinsi anavyosema "Jamani, mngesema tukapika" huku sufuria ya pilau imefunikwa jikoni, ukumbi unanyamaza hapohapo, na hakuna methali itakayoniokoa. Nimewahi kubadilisha maneno ya kisa cha luku usiku kumi mfululizo hadi nikapata yaliyo sahihi. Umeme "kukatika" watu walitabasamu. Umeme "kuisha wakati nanyoa upande wa pili" walilia machozi. Huo ndio uwajibikaji wangu. Anayetaka mahubiri, Ijumaa na Jumapili zipo, na wanaohubiri siku hizo wamesomea.

Na tusidanganyane kwamba kicheko kisicho na funzo kimeletwa na runinga. Miaka ya 1940 Mwingereza mmoja, R. E. Moreau, mtaalamu wa ndege katika kituo cha utafiti cha Amani kule Usambara, aliwaacha ndege wake kwa muda akaandika juu ya kitu kilichomshangaza zaidi: utani. Aliona makabila yaliyowahi kuuana vitani yakitukanana kwa haki na kucheka. Wangoni na Wahehe walipigana vibaya karne ya 19. Leo Mhehe anaingia nyumbani kwa Mngoni, anabeba kuku, na mwenye kuku hana pa kushtaki. Mabibi na wajukuu wanataniana, shemeji wanataniana, na Simba na Yanga tumewapa cheo hichohicho, watani wa jadi. Katika yote hayo, onyesha mahali mtani anaposimama kutoa funzo.

Baba yangu mdogo alifia Songea. Mama mdogo alikaa mkekani siku mbili, hali, hanywi, anaitikia pole kwa kutikisa kichwa. Siku ya pili jioni akaingia mtani, mama mtu mzima wa Kihehe, jirani yao. Alikuwa amevaa koti la marehemu na kofia yake, ameshika fimbo yake. Alikohoa kikohozi chake kilekile. Alirudi kuangalia geti kama limefungwa, akalisukuma, akarudi tena kuliangalia, kwa sababu baba mdogo hakuwahi kuliamini geti. Kisha akakaa kwenye kiti chake, akaletewa chai, akaonja, akakunja uso.

"Chai gani hii haina sukari?" akauliza kwa sauti ya baba mdogo. "Mnataka nife?"

Pakawa kimya. Waombolezaji tukatazama chini. Kisha kwenye mkeka ikatoka sauti ambayo mwanzo tulidhani ni kilio. Mama mdogo alikuwa anacheka. Alicheka hadi akashikwa mabega, akalia, akacheka tena, na sisi wote nyuma yake, uwanja mzima, hadi waliokuwa wanachimba kaburi wakaja kuuliza kulikoni.

Mtani alidai elfu tano yake, akapewa. Mama mdogo akajifuta macho kwa pindo la kanga, akanyoosha mkono kuelekea kile kikombe.

"Hebu nipeni hiyo chai," akasema. "Na sukari msiongeze. Huyo naye alikuwa anazidisha."